Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mbegu ya mpunga: ipimeni kwenye maji yetu kabla ya kutuuzia

Kwa:
Viongozi wenye dhamana ya utafiti, uidhinishaji na usambazaji wa mbegu za mpunga nchini Tanzania,
pamoja na maofisa kilimo wa mikoa na halmashauri zote zinazolima mpunga.

YAH: KUPIMA MBEGU ZA MPUNGA ZENYE MAVUNO MENGI KATIKA MAZINGIRA YA MKULIMA WA MVUA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Malalamiko yetu yalianza kwa mtendaji wa kijiji, yakapanda kata, yakafika wilayani kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huko tukaambiwa mambo ya mbegu ni ya watafiti. Watafiti tuliofanikiwa kuwapata walisema wao walishakabidhi mbegu, usambazaji si kazi yao. Aliyetuuzia akasema yeye anauza kilichoidhinishwa. Kila ofisi ilitupokea kwa heshima, na kila ofisi ikatuelekeza kwa nyingine. Sasa msimu unakaribia, na mifuko ileile imeanza kupangwa madukani kwa ahadi zilezile.

Sisi ni wakulima wa mpunga wa mvua katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mpunga ndio chakula chetu, ndio ada ya watoto, ndio bati la nyumba. Kwa hiyo mbegu mpya ikija hatuitazami kama watu wanaotazama maonyesho ya Nanenane. Tunaiwekea msimu mzima wa maisha yetu.

Kilichotokea ni hiki. Msimu uliopita ililetwa kijijini aina mpya, fupi, yenye machipukizi mengi na inayokomaa mapema. Jina lake hatulitaji, maana hatuna ugomvi na mbegu yenyewe. Inawezekana kabisa kwamba kwenye skimu yenye mifereji na mabanio ni mbegu nzuri sana. Tuliambiwa inatoa tani 6 hadi 8 kwa hekta. Ukiigeuza iwe lugha yetu ya ekari, tani 6 kwa hekta ni kama kilo 2,400 kwa ekari, yaani magunia 24 ya kilo mia. Mtu aliyezoea kupata magunia 7 au 8 ya Supa, mpunga wetu mrefu wa siku zote, akisikia hesabu hiyo lazima ashawishike. Wengi wakachukua mbegu na mbolea kwa mkopo.

Miche ilisimama vizuri hadi maji ya masika yalipopanda. Hapo mpunga mfupi ukazama wote. Jaruba lililokuwa la kijani likawa bwawa, usione hata ncha ya jani, wakati ng'ambo ya tuta Supa ya jirani ilikuwa imeshatoa shingo juu ya maji na inapepea. Maji yalipoondoka yaliacha miche imelala kwenye tope, imegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Sehemu za juu ambako mafuriko hayakufika, ugonjwa wa kimyanga ukaingia: majani yakawa ya njano yenye michirizi, mashina yakadumaa, masuke yakatoka nusu au yakatoka yamejaa mapepe. Na ule uliosalimika uliiva wiki kadhaa kabla ya mpunga wa majirani, ukawa ndio chakula pekee kilichokomaa bondeni, na kwelea kwelea wakahamia hapo wote. Watoto waliamia ndege hadi sauti zikakauka. Mkopo haukuzama wala haukuliwa na ndege. Huo upo hadi leo.

Kutokana na hayo tunaweka mbele yenu hoja zifuatazo.

1. Tunapewa takwimu za shamba ambalo si letu.

Tani 6 au 8 si uongo. Zilipatikana mahali fulani. Lakini zilipatikanaje? Kwenye kipande kidogo kilichosawazishwa, maji yanafunguliwa na kufungwa kwa saa, mbolea imewekwa kwa kipimo na kwa wakati, palizi imefanywa siku ilipotakiwa, na kuna mtu anayelipwa kufukuza ndege. Mavuno ya kipande hicho kidogo yakazidishwa mpaka yakawa hekta. Kipande kidogo kinachozidishwa huzidisha pia kosa lake: mstari wa pembeni unaopata jua na nafasi zaidi ukijumuishwa kwenye mizani, hekta nzima inanenepa kwenye karatasi. Hali kadhalika unyevu. Mpunga hupimwa kwa unyevu wa asilimia 14 ili takwimu zilinganishwe kwa haki, lakini katika mabango tunayoonyeshwa hakuna panapoandikwa kwamba uzito ule ulirekebishwa.

Hatusemi kwamba mbegu za mavuno mengi hazifanyi kazi Tanzania. Lower Moshi, kwenye mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, wakulima walipanda IR54 kutoka Ufilipino na wakavuna zaidi ya tani 6 kwa hekta. SARO 5, ambayo ni matunda ya watafiti wetu wenyewe, imeenea kwenye skimu nyingi na wenzetu wa huko wanaipenda, sisi pia tunaiheshimu. Maji yakiwa mikononi mwa mkulima, mpunga mfupi unalipa. Lakini sehemu kubwa ya mpunga wa nchi hii inalimwa kwa mvua, na maji ya mvua hayana kufuli.

2. Nchi hii haina bonde moja.

Kyela mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Shinyanga na Kahama wanalima kwenye majaruba ya udongo mzito wa mbuga, wakisubiri mvua isiyofika nusu ya hiyo. Usangu iko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wanamwagilia, na usiku wa baridi una la kusema wakati wa kuchanua. Yako mashamba ya umwagiliaji yanayosumbuliwa na chumvi. Sisi Kilombero tunasumbuliwa na maji kuzidi, kisha kukauka ghafla mvua zikikatika mapema. Hata ndani ya kijiji chetu kimoja kuna sehemu tatu: juu penye mchanga, katikati ambako maji yanakuja na kuondoka, na chini mbugani ambako yanasimama hadi kiunoni. Mkulima mmoja anaweza kuwa na ekari moja katika kila sehemu, na wazee wetu hawakupanda mbegu moja kote. Ndiyo maana bondeni utakuta majina mengi: Supa, Kalamata, Mbawambawa, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana, Rangi Mbili. Kila jina lina mahali pake. Iweje mfuko mmoja wenye maelekezo ya aina moja uuzwe kuanzia Kyela hadi Magugu kule Manyara?

3. Urefu wa shina mnauhesabu kama kasoro, kwetu ni kinga.

Katika vipeperushi vyenu Supa inasemwa kuwa ni ndefu mno, inalala ikiwekewa mbolea, inachelewa kukomaa. Yote ni kweli. Lakini shina hilohilo refu ndilo linaloifanya ipumue maji yakisimama mwezi mzima. Mafuriko ya 2024, yaliyoumiza watu vibaya kuanzia Kilombero hadi Rufiji, yanatosha kuwa ushahidi kwamba suala la maji si jambo la bahati mbaya ya mara moja. Ni hali yetu.

Na dawa ipo, wala hatuiombi isiyowezekana. Huko India mashariki wakulima walikuwa na mpunga wanaoupenda, Swarna, ambao ulikuwa unakufa kwenye mafuriko. Watafiti hawakuwaambia wauache. Walichukua chembe ya urithi inayoitwa SUB1 kutoka kwenye mpunga wa kienyeji wa Orissa, FR13A, wakaihamishia ndani ya Swarna kwa kuzalisha vizazi na kuchagua. Swarna-Sub1 ikaidhinishwa India mwaka 2009. Ladha ni ileile, punje ni ileile, lakini mmea unaweza kufunikwa kabisa na maji kwa takriban wiki 2 na bado ukafufuka, kwa sababu ukizamishwa unatulia na kutunza sukari yake badala ya kuimaliza ukikimbilia juu. Tunajua pia mpaka wa kinga hiyo: inasaidia mafuriko ya kuja na kupita, haisaidii maji yanayosimama mwezi. Kwa hiyo mbugani bado tunahitaji shina refu, na katikati tunahitaji uvumilivu wa kuzama. Mtafiti angesimama kwenye mashamba yetu mwezi Aprili, angeliona hilo kwa macho yake. Walikuja Juni, siku ya mavuno, wakiwa na kamera.

4. Kimyanga si mgeni, lakini kwenye majaribio hakipo.

Ugonjwa huu ni wa Afrika, na kuandikwa kwake kulianzia jirani kabisa: mwaka 1966, karibu na Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Kirusi chake hakipitii kwenye mbegu. Kinabebwa na mbawakavu wanaokula majani, kinasambazwa na mundu unaotoka shamba moja kwenda jingine, na ng'ombe wanaokatiza majarubani. Maana yake ni kwamba unaweza kupanda mbegu kituoni, mahali safi penye uzio, ukavuna msimu baada ya msimu bila kuona jani hata moja la njano, halafu ukaileta kwenye bonde lenye ng'ombe, mundu za kuazimana na mpunga pori kando ya mito, ikafa yote. Kipimo cha kimyanga lazima kifanyike pale kimyanga kilipo.

Hapa tena ukinzani unafahamika. Upo kwenye mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, na upo kwenye Gigante, mpunga kutoka Msumbiji, jirani zetu hapo ng'ambo ya Ruvuma. Tunauliza kwa heshima: aina tuliyouziwa ilipimwa dhidi ya kimyanga cha Kilombero? Kama ndiyo, matokeo yako wapi? Kama hapana, kwa nini tulihimizwa kuipanda ekari nzima nzima?

5. Mpunga haujamaliza safari ukifika kwenye gunia.

Hoja hii tungependa mkae nayo zaidi, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Mnunuzi akija kijijini haulizi tani kwa hekta. Anachota mpunga kidogo, anaufikicha viganjani mpaka maganda yatoke, anapuliza, anazitazama punje kwa mwanga kuona kama zina weupe wa chokaa tumboni, kisha anainusa mikono yake. Hapo bei imeshaamuliwa. Aina ile mpya aliipa mgongo. Kwenye mashine ya kukoboa ilitoa chenga nyingi, kwa sababu punje yenye weupe wa chokaa ni dhaifu na huvunjika kwenye roli. Waliobahatika kuvuna walilazimika kuuza kwa bei ya chini ya Supa, na wengine wakauchanganya kidogo kidogo na Supa ili utoke, jambo linalochafua jina la mchele wetu wote.

Nyumbani, akina mama waliupika. Ukiwa wa moto unalika. Asubuhi ukawa mgumu, punje moja moja, hauvunjiki hata ukiuchemsha upya. Katika nyumba ambayo kiporo ndiyo chai ya watoto kabla ya shule, hilo si jambo dogo. Wataalamu wanajua sababu: kiasi cha amilosi ndani ya wanga huamua kama wali utabaki laini au utakakamaa ukipoa. Kinapimika maabara. Kinapimika pia kwenye sufuria, kwa kuwaita wapishi.

Na somo hili dunia ilishalipata zamani. IR8, mpunga uliotolewa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga (IRRI) iliyoko Los Baños, Ufilipino, mwaka 1966, ulizaliwa kutokana na Peta wa Indonesia na mpunga mfupi wa Taiwan, Dee-geo-woo-gen. Ulipowekewa mbolea haukulala, na mavuno yake yalishangaza Asia nzima. Lakini punje zake zilikuwa na chokaa, zilivunjika mashineni, na wali wake ulikakamaa ukipoa. Wakulima wakauza kwa bei pungufu. Isitoshe magonjwa na wadudu wakaushambulia. Taasisi ileile iliuzalisha upya na upya, hadi IR64 ya mwaka 1985 ambayo watu waliipenda mdomoni pia. Hayo yana umri wa karibu miaka 60. Hakuna sababu ya kuturudisha sisi darasa la kwanza kwa gharama ya magunia yetu.

Tazameni na Mwea, Kenya. Kwa miaka mingi wakulima wa huko wameshikilia Basmati 370, ile pishori, ingawa zipo aina zinazozidi mavuno yake na ingawa inashambuliwa sana na ukungu wa blasti. Wameishikilia kwa sababu harufu yake inauza. Mkulima anayefanya hivyo amepiga hesabu ya shilingi, na hesabu yake ni sahihi.

6. Wanaofanya kazi hawaulizwi.

Kupandikiza, kupalilia, kupeta, kuanika, kupika: sehemu kubwa ya kazi hizi inafanywa na wanawake. Kwenye siku ya mkulima iliyoandaliwa kijijini walikaa nyuma, na hakuna aliyewauliza kama aina hii inapukutika kabla ya kukatwa au inang'ang'ania mpaka mtu achoke kuipura. Walikuwa na majibu yote mawili.

7. Kushindwa hakuandikwi.

Tulipoomba kuona matokeo ya maeneo ambako aina hii haikufanya vizuri, hatukupewa. Sisi tunaona karatasi za ushindi tu. Mbegu ambayo haijawahi kushindwa popote haijapimwa vya kutosha.

Sasa, Waheshimiwa, tunafahamu majibu ambayo huwa yanatolewa, kwa sababu tumeshayasikia kwa mdomo. Tunaomba yasirudiwe kabla ya kusoma haya.

Mtasema hatukufuata kanuni bora za kilimo. Wapo wasiofuata, ni kweli, na mafunzo yanahitajika. Lakini waliopandikiza kwa kamba, wakaweka mbolea kwa vipimo walivyopewa na kupalilia kwa wakati, nao walizamishwa na maji yaleyale. Tena, kama mbegu inahitaji kanuni ambazo mkulima wa mvua hana uwezo nazo, mfano kukausha na kujaza jaruba kwa ratiba kama inavyofanywa kwenye kilimo shadidi, basi hilo liandikwe kwenye mfuko. Mbegu isiyosamehe kosa lolote haifai kwa mtu asiye na mfereji.

Mtasema aina zote zinapimwa kisheria kabla ya kuuzwa. Tunaifahamu Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na tunaithamini lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kabla yake tuliuziwa mpunga wa kula tukaambiwa ni mbegu. Lebo inatuhakikishia kwamba mbegu ni ya aina iliyoandikwa na kwamba itaota. Kuota na kuvunwa katika bonde la mafuriko ni vitu viwili tofauti, na hiki cha pili ndicho tunachokidai.

Mtasema taifa linahitaji mchele mwingi. Hata sisi tunauhitaji, na tunataka kuuza hadi nje ya mipaka. Lakini mchele unaohesabika ni ule uliofika ghalani, ukakobolewa na ukanunuliwa. Aina inayotoa magunia 24 mwaka mmoja kati ya mitano, na sifuri mwaka wa mafuriko, inamyumbisha tajiri kidogo na kumfilisi maskini.

Mtasema wakulima ni wagumu kubadilika. Hili linatuumiza zaidi, kwa sababu si kweli. Zana, mbolea, dawa za magugu, simu za kuulizia bei, vyote tulivipokea bila kulazimishwa pale tulipoona faida. Mbegu nayo huvuka kijiji usiku mmoja ndani ya kitenge ikiwa nzuri.

Na mtasema hakuna bajeti. Kupima shambani kwa mkulima si ghali kuliko kusambaza mbegu isiyofaa. Afrika Magharibi, watafiti wa WARDA, kituo cha utafiti wa mpunga, alikokuwa Monty Jones wa Sierra Leone aliyeongoza kazi ya NERICA, mpunga chotara wa Afrika na Asia, na kutunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004, walitumia utaratibu wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wakulima walitembezwa kwenye bustani ya aina nyingi, mara mpunga unapochipua, mara unapokomaa, mara baada ya kuvunwa, wakachagua wenyewe. Mwaka wa pili wakaenda na walizochagua kwenye mashamba yao. Mwaka wa tatu wakaulizwa kama wako tayari kuzinunua. Malawi nako miaka ya 1990 Sieglinde Snapp na wenzake walianzisha jaribio la mama na watoto: shamba moja kubwa lenye kila kitu linalosimamiwa na mtafiti, na kulizunguka, vipande vidogo kwa wakulima wengi, kila mmoja akijaribu vichache kwa namna yake. Walianza na rutuba ya udongo, lakini utaratibu huo unafaa mpunga vilevile. Gharama yake kubwa ni nauli na kusikiliza.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Aina yoyote mpya ya mpunga isihimizwe katika bonde letu kabla ya kupimwa misimu miwili au zaidi kwenye sehemu zote tatu, juu, katikati na mbugani, mikononi mwa wakulima wenyewe, ikiwa na mbolea na bila mbolea, na kando yake Supa safi kama kipimo.

(b) Matokeo yote, mazuri na mabaya, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili: kilo kwa ekari kwa unyevu wa asilimia 14, kilo za mchele baada ya kukoboa, kiasi cha chenga, na bei ambayo mnunuzi aliitaja.

(c) Katika kuamua wawepo wapishi, wenye mashine za kukoboa na wanunuzi, na angalau nusu ya wakulima wanaopiga kura wawe wanawake.

(d) Mfuko wa mbegu uandikwe wazi unafaa wapi na haufai wapi: umwagiliaji, mvua, maji ya kusimama, chumvi, kimyanga.

(e) Supa na ndugu zake zisafishwe na kuboreshwa. Zanzibar mwaka 2011 walitoa SUPA BC, iliyopatikana kwa kuipiga mionzi mbegu ya Supa na kuchagua iliyo bora. Kama kisiwani imewezekana, na bara iwezekane: Supa yenye kustahimili kuzama, Supa yenye kinga ya kimyanga. Hapo mtaona foleni ya wanunuzi wa mbegu ambayo hamjawahi kuiona.

(f) Wakulima waliochukua mkopo wa mbegu ile waongezewe muda wa kulipa bila riba ya nyongeza, hadi uchunguzi wa kilichotokea ukamilike na taarifa yake isomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mwezi Novemba, kwa sababu hapo ndipo mbegu hununuliwa na matrekta huanza kuingia bondeni. Kikundi chetu kimeshatenga vipande vya majaribio katika sehemu zote tatu, mbegu ya Supa ya kulinganishia iko ghalani, na wakulima watakaovisimamia wamechaguliwa. Anayekuja aje pia Aprili, maji yakiwa juu. Mtumbwi upo na wa kuuendesha yupo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wakulima wa mpunga wa mvua,
Bonde la Kilombero, Morogoro.

Nakala: Serikali ya kijiji; vikundi vya wakulima wa mpunga vya vijiji jirani.